Kujifunza Lori Bila Mazutu

Mume wangu alianguka baada ya kuzima injini. Wenzake waliokuja kunipa habari walilitaja jambo hilo mara nyingi kuliko mengine yote: kwamba aliliingiza lori kwenye bohari kama kawaida, akalinyoosha kando ya ukuta, akavuta breki ya mkono, akazima, akafungua mlango, na ndipo mguu wa kulia ulipokataa kukanyaga ngazi. Walisema kana kwamba wanamsifu. Labda ilikuwa sifa kweli. Lori lilikuwa limejaa saruji na hakuna hata mfuko mmoja uliopasuka.

Alilazwa wiki tatu. Alipoletwa nyumbani kwetu Kinama, hapa Bujumbura, upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa, mkono umejikunja kifuani, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "apana". Ukimwuliza kama ana njaa, apana. Kama ameshiba, apana. Ukimletea maji atasema apana, na huku mkono wa kushoto umeshakifikia kikombe. Daktari alinieleza kwamba kiharusi huwa kinamwachia mtu neno moja hivyo, na hakichagui. Kwa mwingine linabaki jina, kwa mwingine tusi. Mwanzoni watoto wetu wawili walicheka. Baadaye wakaacha.

Mimi nilikuwa nauza ndagala, wale samaki wadogo wa kukaushwa, kwenye soko la Kinama. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Uvira, na biashara hiyo nilivuka nayo. Lakini ziwa likifungwa ili samaki wazaane, hakuna ndagala wa kuuza, na mwaka ule lilifungwa wakati mbaya kwetu. Akina mama wa kanisani walituletea unga, kisha wakaja kutuombea bila unga, kisha wakawa wanatusalimia kwa mbali. Siwalaumu. Watoto walirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, wiki moja na nyingine. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anaishi nasi, alianza kusema kila jioni kwamba amekula kwa jirani. Nilijua hakuna jirani aliyempa kitu. Nilimwacha aseme, maana sahani yake walikula watoto, na hilo la kumwacha aseme ndilo la kwanza katika mambo ambayo sipendi kuyakumbuka.

Siku moja nilitembea kwa miguu mpaka Asiatique, mtaa wa maduka makubwa, kwenye duka la mfanyabiashara ambaye mume wangu alikuwa anamwendeshea lori. Nilimkuta anatia sahihi karatasi.

"Patroni," nilimwambia, "mi naomba kazi. Hata ya kufagia bohari."

"Wa kufagia niko nao wengi, mama." Hakuinua uso. "Chenye sina ni mashoferi. Wote wanakimbilia Tanzania. Uko na shoferi wa kuniletea?"

"Na kama ni mi mwenyewe?"

Hapo aliinua macho. Alicheka, ingawa hakucheka vibaya. "Lete permi ya tela," alisema, "tutaongea." Akarudia karatasi zake.

Ninajua sasa kwamba lilikuwa neno la kumwondoa mtu mlangoni. Hata siku ile nilijua kidogo. Lakini njia nzima ya kurudi Kinama nililishika kama mtu anayeshika ukingo wa kisima, na nilipofika nyumbani lilikuwa limeshakuwa ahadi.

Nilimweleza mume wangu akiwa ameegemea ukuta, mama yake yuko kando anachambua mboga. Nilimwambia kwamba nitakwenda kujifunza lori, nitatafuta leseni ya kuvuta tela, nitakaa pale alipokuwa anakaa yeye.

"Apana," alisema.

"Umesikia," mama mkwe aliniambia. "Amekataa."

"Mama, hata maji anayakataa, kisha anayakunywa."

"Ya maji ni ya maji. Hii amekataa, mwanangu. Mi ndiye nilimuzaa."

Niliyatazama macho ya mume wangu. Yalikuwa na machozi, lakini tangu augue yalikuwa hivyo wakati wote. Sikupata jibu ndani yake. Kesho yake niliuza cherehani aliyoniletea kutoka Kigoma tulipokuwa wachumba, nikaenda kujiandikisha.

Shule ya udereva yenyewe ilikuwa kiwanja kilichozungukwa na maghala katika mtaa wa viwanda, karibu na bandari. Ilikuwa na kibanda cha mabati, benchi mbili, ubao, na lori moja lenye tela, ambalo nadhani lilikuwa limenizidi umri. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba aliyeendesha miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Bujumbura, sikio lake la kushoto, lile la upande wa dirisha, halisikii kitu. Tulimwita muzee. Tulikuwa wanafunzi sita, wanaume watano na mimi. Sheria za barabara zilifundishwa kwa Kifaransa, na hapo nilikuwa na nafuu, kwa sababu nilifika mwaka wa tatu wa sekondari kabla ya vita kutufukuza. Mtihani wa maandishi niliupita mara ya kwanza. Nilipewa kibali cha muda cha kujifunzia, nikakiweka ndani ya Biblia. Nilidhani nimeshavuka mto.

Ndipo mazutu yakaisha mjini. Mazutu ndiyo dizeli, hatuna neno lingine. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imetangulia kupotea, na mazutu yakafuata. Malori yalipanga mstari kwenye vituo siku kwa siku bila kusogea, na shule yetu haikuwa na mtu wa kuipendelea.

"Mazutu hakuna," muzee alituambia asubuhi ile. "Kesho hakutakuwa. Lakini kamyo iko, na miguu yenu iko. Mupande."

Tukapanda mmoja mmoja. Nilipokaa kwenye usukani kwa mara ya kwanza, mguu wangu haukuifikisha klachi mpaka chini. Muzee alileta gunia tupu, akalikunja mara nne, akaniwekea mgongoni. Kisha akakaa kiti cha pili, akapangusa vumbi la mbele kwa kitambaa, akaanza kunguruma kwa mdomo. Sikuelewa.

"Mi ndiye moteri," alisema. "Nikipanda sauti, we badilisha vitesi. Nikishuka, teremsha."

Wale wanaume walicheka mpaka wakashika matumbo. Muzee hakujali. Alinguruma kwa sauti ya chini, akapanda polepole, nami nikakanyaga klachi, nikavuta gia, nikaachia, na yeye akaianza tena ile sauti ya chini. Nikikosea, alikohoa na kunyamaza: injini imezimika. Lori lilikuwa na gia nane, na kidude cha kuvuta katikati ya nne za chini na nne za juu. Kwa wiki sita nilizijifunza zote kwenye lori ambalo halikusogea hata unene wa kidole. Mwezi ulipoisha wanafunzi watatu walikuwa wameondoka. Walisema hawawezi kujifunza kuogelea kwenye mkeka. Kisha akaondoka wa nne, na wa tano akaenda kulima kwao. Nikabaki mimi.

Sikubaki kwa ujasiri. Nilibaki kwa sababu cherehani ilikuwa imeshauzwa na sikuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi. Nyumbani kulikuwa na mtu anayesema apana, na mama yake, na watoto wanaoniangalia mikono nikiingia. Pale ndani ya lori angalau kulikuwa na kitu cha kukanyaga.

Siku mazutu yalipopatikana, yalikuwa dumu moja. Muzee alikuwa ameyasubiri majuma mawili kwa rafiki yake wa bandarini. Aliyamimina kama dawa, akatoa hewa kwenye mipira, na injini ikawaka. Nilishtuka. Haikulia kama yeye. Ilitetemesha kiti, usukani, meno yangu, na kila nilichojifunza kikanitoka. Ilizimika mikononi mwangu mara tatu. Nilipofaulu kuliondoa, tulizunguka kiwanja mara mbili, kisha muzee akaniambia nirudi nyuma, niliingize tela kati ya mapipa mawili.

Niliukata usukani upande niliotaka tela liende. Likaenda upande mwingine. Nikaukata zaidi. Tela likajikunja ubavuni mwa lori, nikaliona kwenye kioo linazidi kuwa kubwa, kisha nikasikia ukuta wa ghala.

Muzee alinyoosha mkono, akazima. "Ya leo imeisha," alisema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliteremka kutazama bati lililokunjika, nami nikaenda nyuma ya tela, nikakaa chini kwenye mafuta na vumbi, nikalia. Sikuwa nimelia tangu mume wangu aanguke. Nililia kwa ajili ya lile dumu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumweleza mambo bila kungoja jibu. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikaweka kiberiti na nyuma yake kandambili moja, nikamwonyesha: hapa lori, hapa tela, nilikata hivi, likaenda hivi. Alisema apana. Niliendelea kuongea. Akasema tena apana, kwa nguvu, akainama mpaka nikaogopa kwamba ataanguka, na kwa mkono wa kushoto akanishika kifundo cha mkono. Aliuvuta mkono wangu upande mwingine. Alikisogeza kiberiti kulia, kandambili ikaenda kushoto. Akakirudisha. Akafanya tena. Kisha akanitazama, anangoja.

Nilifanya. Nilikosea. Alikichukua kiberiti akakitupa ukutani, njiti zikamwagika, akaanza kulia kwa hasira, mate yanamtoka upande ule uliokufa. Mama yake alikuja mlangoni. Alitazama njiti sakafuni, kiatu, na mkono wa mwanawe ulioning'ang'ania. Aliziokota njiti moja moja, akazirudisha kwenye kiberiti, akakiweka tena mbele yangu.

Tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila jioni. Mama mkwe hakuniambia tena kwamba amekataa.

Mtihani wa barabarani ulikuja baada ya miezi miwili. Mtahini alikuwa mwanamke mwenye sare, wa rika langu, na nilipomwona moyo ulitulia, nikadhani Mungu ameniletea dada. Muzee alikuwa amepata mazutu kidogo. Nilipanda, nikawasha, nikatoka kiwanjani vizuri, nikapita makutano ya kwanza, na kwenye mteremko wa pili lori likakohoa mara mbili likafa katikati ya barabara. Nyuma yetu honi zilianza. Nilijaribu kuwasha. Halikuwaka.

Muzee, aliyekuwa anatufuata kwa baiskeli, alikuja mbio. "Afande, ni mazutu imekwisha. Haiko kosa yake."

Yule mwanamke aliteremka taratibu. "Muzee, kabla ya kupanda, nani aliangalia tangi?"

Muzee akanigeukia.

"We uliangalia?" mtahini aliniuliza.

"Apana," nilisema.

"Shoferi ndiye anaangalia. Ukiishiwa kule mlimani na mzigo, utaniambia ni kosa ya nani?" Akaandika. Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu.

Nafasi nyingine ya mtihani ilikuwa baada ya miezi mitatu. Niliipeleka habari hiyo nyumbani, na mama mkwe akangoja mpaka watoto walipotoka uani.

"Mi nitaenda nao Cibitoke kwa kaka yangu," alisema. "Kule watakula muhogo. Hapa watakula nini? Permi?"

"Ni miezi mitatu tu, mama."

"Mtoto anaweza kufa kwa wiki mbili."

Waliondoka asubuhi wamepanda juu ya mzigo kwenye gari la mtu. Binti yangu hakunipungia mkono. Alikuwa na miaka tisa na alielewa kwamba mama yake amechagua lori. Mdogo wake wa kiume alipunga, kwa kuwa hakuelewa na alifurahia kupanda gari. Nilirudi ndani, nyumba imekuwa kubwa, mume wangu anatazama mlango. Nilimwogesha, nikamlisha uji, nikamwachia jirani yetu, mwanamke anayeuza makaa, awe anamchungulia, nikaenda kiwanjani kukaa kwenye lori lililosimama. Miezi ile mitatu siwezi kuieleza vizuri. Siku zilifanana. Kuna asubuhi nilikaa kwenye usukani na muzee akanguruma, nami nikashindwa hata kuinua mguu. Alinguruma mpaka akachoka, akapangusa mdomo kwa mkono. Kisha akasema, "Mi nilipoteza sikio hii kwa barabara, na muke wa kwanza, na sijui nini ingine. Sikuambii kwamba ni kazi nzuri." Akaanza kunguruma tena.

Kwa mtihani wa pili nilitangulia kuingiza kijiti kwenye tangi, nikakitoa, nikakitazama kilipolowa. Yule mwanamke wa sare alikuwa amesimama pembeni, akaona, akaandika kitu. Barabarani sikukosea. Kwenye mapipa nilirudi polepole kuliko mtu yeyote aliyefanya mtihani siku ile, natazama kioo, naukata usukani kinyume na moyo, kidogo, nanyoosha, kidogo tena. Tela liliingia. Nilivuta breki ya mkono, nikazima. Mtahini alifungua mlango upande wangu.

"Umepita, mama," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Sasa nani atakuajiri?"

Nilikwenda Asiatique na leseni mkononi. Mwenye malori hakukumbuka kitu.

"Mi nilisema hivyo?"

"Ulisema, patroni. Ulisema nilete permi ya tela."

Aliigeuza leseni mbele na nyuma kwa muda. Nilijua anatafuta namna ya kunikatalia bila aibu, kwa ajili ya mume wangu. Kisha nadhani alikumbuka kitu.

"Iko kamyo moja kwa mstari wa mazutu tangu juma lililopita," alisema. "Shoferi amechoka, ameacha funguo. Kaa mule. Ukipata mazutu, uilete bohari. Kisha tutaona."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya udereva: kukaa kwenye lori ambalo haliendi. Mstari ulianzia kituoni ukapita maghala mpaka karibu na njia ya bandari. Asubuhi nilimlisha mume wangu, nikatembea haraka kutoka Kinama, na mchana kutwa nikakaa kwenye joto la kile chumba cha mbele, mlango wazi, nguo imeshikana na kiti. Usiku kituo kilifungwa, nikarudi nyumbani. Madereva wengine walinizoea siku ya pili. Sheria ilikuwa moja tu, nao ndio waliojiwekea: mstari ukisogea na lori lako halina mtu, linasukumwa kando, unaanza upya mkiani. Mtu mmoja lilimpata hilo akiwa amekwenda kununua mandazi. Alikaa chini barabarani akashika kichwa, na sisi sote tukampita.

Siku ya nane, adhuhuri, gari la mazutu lilifika kituoni. Mbele yangu kulikuwa na malori mawili. Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye usukani nilipomwona jirani yangu wa makaa anakuja kwa miguu, mbio mbio, kanga imelegea.

"Njo," alisema. Pumzi zilikuwa zinamkata. "Baba watoto amebadilika."

"Amebadilika namna gani?"

"Mudomo. Na macho yanaenda upande. Njo, mama."

Nilitazama mbele. Lori la kwanza lilikuwa linajaza. Niliteremka nikamwendea dereva aliyekuwa nyuma yangu, mtu mzima ambaye siku nane zote alikuwa ananiita dada. Nikamwomba anishikie nafasi.

"Nikishuka kwa yangu, yangu wataitoa," alisema. Hakuweza kunitazama. "We mwenyewe unajua, dada."

Nilijua. Nilirudi kwa jirani yangu. "Mupeleke kwa dispansari," nilimwambia. "Tafuta baiskeli. Mi nakuja."

"Unakuja saa ngapi?"

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akageuka akaenda, mbio mbio vilevile. Nikapanda. Nimejiambia mara nyingi kwamba niliwafikiria watoto kule Cibitoke, kwamba nilipima hili na lile. Si kweli. Sikufikiria kitu. Niliwasha, nikasogea urefu wa lori moja, nikazima. Nikangoja. Niliwasha, nikasogea tena. Mtu wa kituo aliingiza bomba kwenye tangi na mkono wangu haukutetemeka, na kutotetemeka kwake kuliniogopesha kuliko kitu chochote.

Kisha nililipeleka lori bohari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha mjini peke yangu, na niliendesha vizuri. Nasema hivyo ingawa naona haya. Nilibadilisha gia bila kelele, niliwapisha watu wa baiskeli, nililinyoosha kando ya ukuta uleule. Niliwakabidhi watu wa bohari funguo, nikavua viatu, nikakimbia kwenda dispansari.

Jirani yangu alikuwa amempata mwenye baiskeli ya abiria. Walimkalisha mume wangu nyuma, wakamfunga kwa kanga ya jirani kwenye mgongo wa mwendeshaji asianguke, na jirani akatembea kando anamshika kichwa njia nzima. Nilimkuta amelazwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya shuka. Nilimwita, nikamwuliza kama ananijua, kama anataka maji. Hakusema neno lolote, hata lile moja. Lilikuwa limekwenda pamoja na mkono ule.

"Ningemuleta mapema ingesaidia?" nilimwuliza muuguzi.

"Mama, kaa chini kwanza," alisema. Nikakaa.

Mwenye malori aliniita Jumatatu. Alisikia kwamba nililileta lori bila mkwaruzo katika wiki ambayo wengine watatu walikata tamaa wakatoka mstarini. Labda alisikia na lile lingine, kwa maana hakuniuliza habari za nyumbani. Alinipa safari ya Bugarama, kule juu mlimani, kupeleka saruji na kurudi na viazi na kabichi. Nilipanda ule mlima kwa gia ya pili, na watu wa baiskeli wakashika nyuma ya tela wavutwe, kama walivyozoea kwa kila lori, nikawaona kwenye kioo wamening'inia wanne, kila mmoja kwa mkono mmoja, na kila kona nilikuwa nawahesabu. Nilipofika juu walikuwa wanne. Nilisimamisha pembeni, nikangoja waachie mmoja mmoja.

Mume wangu aliishi wiki tano baada ya siku ile ya mstari. Alifariki Jumapili, nikiwa nyumbani, nikiwa namwosha miguu. Nilikuwa nimeshamwosha mmoja. Mama mkwe alikuja na watoto kwa mazishi, na hawakurudi tena Cibitoke, kwa kuwa sasa kulikuwa na chakula. Hivyo watoto walirudi. Walirudi shuleni. Binti yangu hunisalimia kama mgeni wa heshima, lakini huniwekea maji ya kuoga ninapotoka safari, na sijamwomba.

Mwezi uliopita tulikuwa uani, mimi na mama mkwe, tunachambua maharage. Aliuliza bila kuinua macho.

"Ile siku ya mstari. Ungetoka, angepona?"

Sijui nani alimwambia. Labda jirani. Labda alikuwa anajua tangu mazishi.

"Sijui, mama."

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa lingine. "Na mi sijui," alisema. Kisha akasukuma ungo upande wangu. "Kesho unaenda wapi?"

"Mjini Ngozi. Napeleka saruji."

"Basi maliza hii, ulale. Nitakufungia chakula."